Mwaka Tuliotengeneza Feni ya Korosho

Watani hatupigiwi simu tuje kufariji. Tunapigiwa tuje kufanya fujo. Ndiyo maana Zuhura aliponipigia mwezi uliopita kunieleza kwamba mama yake amefariki hakunililia. Alisema tu, "Da Kalunde, mama katutoka. Mtani njoo, watani siku hizi hawapo, wamebaki wa kwenye simu." Nilikuwa nimekaa barazani kwangu Tegeta, nimenyoosha goti langu bovu juu ya kigoda, nikaitikia kabla sijajiuliza kama nitaweza. Mimi ni Mnyamwezi, wao ni Wazaramo. Kwa asiyejua, makabila haya mawili yametaniana tangu enzi za mababu zetu waliotembea na mizigo kichwani kutoka Tabora mpaka pwani, na mtani ana haki ambazo hata ndugu hana. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuingia jikoni kwako akaondoka na sufuria. Siku ukifa ni yeye anayewachekesha wafiwa wasizame. Sharti ni moja tu, kwamba mtani hakasirikiwi, na anachokisema hakichukuliwi kuwa kweli. Sharti hilo nimelitii maisha yangu yote, na bado sijalisamehe.

Nilifika Temeke asubuhi nikafanya kazi yangu. Nilimnyang'anya mpishi upawa, nikatangaza kwamba Bi Mwanaidi hazikwi mpaka anirudishie kanga yangu aliyoikalia tangu ujana wangu, kisha nikaketi mlangoni nikaziba njia kwa miguu yangu mirefu. Wanawake walicheka huku wakijifuta machozi kwa mitandio. Kijana mmoja akanielekezea simu yake akauliza, "Huyu bibi yupo sawa kweli?" Zuhura akamwambia, "Huyo mtani, muache." Baadaye nikaingia ndani kupumzisha goti, kwenye chumba cha kushoto, ambacho nilikipanga nikiwa msichana. Siku hizi wameweka vigae chini na dari nyeupe juu. Niliitazama dari ile muda mrefu. Enzi zangu haikuwepo. Kuta ziliishia usawa wa mkono wa mtu mrefu, juu yake ni boriti na bati, na sauti za vyumba vyote zilikutana huko juu zikamshukia kila mtu. Nyumba ile haikuwa na siri, isipokuwa ile ambayo sote tuliamua kuifanya utani.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti kipya, nikaajiriwa na Injinia Mapunda, Mngoni wa Songea, mwenye karakana Keko. Tulitengeneza feni. Ukisema feni watu wanafikiria pangaboi la sebuleni, lakini hizi zilikuwa feni za viwandani, za kunyonya moshi, vumbi na mvuke, nyingine gurudumu lake linamzidi mtu kimo. Nyingi zilizokuwepo mjini zilitoka ng'ambo, zimeundwa zivute hewa safi ya nchi za baridi, zikija hapa hazimalizi msimu. Hewa ya chumvi inazitafuna, vumbi la saruji linazisugua, unga unajaa kwenye mota. Injinia alikuwa akitukusanya kuzunguka feni iliyokufa kama daktari na wanafunzi wake, anaigonga kwa kalamu na kusema, "Feni haifi kwa kuzunguka. Inakufa kwa kile inachokivuta. Niambieni huyu alivuta nini." Tunajibu kila mtu lake, halafu ndipo tunaanza kuchora nyingine. Nilimpenda mzee yule. Alikuwa mkali, alisikiliza, na hakunifanya niwe mtengeneza chai kwa sababu tu nilikuwa mwanamke peke yangu pale.

Siku yangu ya kwanza, fundi mmoja mwembamba, bega moja liko juu kuliko jingine, aliniuliza huku anafungua nati, "Sista, kabila gani?" Nikamjibu. Akadondosha spana. "Alhamdulillahi! Mpagazi wangu kafika! Mbona umechelewa hivyo, mzigo umeuweka wapi?" Nikamwambia mzigo nimeuuza njiani nikanunua Mzaramo, lakini kila nikimwamsha hataki kuamka. Karakana nzima ilipiga makofi. Huyo ndiye Kondo, mtoto wa kwanza wa Bi Mwanaidi. Yeye ndiye aliyezifunga feni zetu kwenye viwanda vya watu, alizipandisha juu ya mapaa, aliingia kwenye mabomba ya moshi ambayo wengine waliyachungulia tu. Jioni ileile aliniongoza mpaka nyumbani kwao, akasimama uani akapaza sauti, "Mama, nimekuletea mtumwa, ana cheti!" Bi Mwanaidi akatoka jikoni na mikono yenye unga, akanitazama juu mpaka chini, akasema mtumwa mwenyewe mwembamba, bora angeleta mbuzi. Nikapewa chumba na wali wa nazi na samaki wa kukaanga.

Asubuhi za nyumba ile nazikumbuka kuliko nyumba niliyozaliwa. Adhana ikiisha unasikia jiko la mkaa likipepewa, kisha chapati za maji zikimiminwa kwenye kikaango, kisha harufu ya tangawizi. Na kabla ya yote hayo, kila asubuhi, nilisikia kifua cha Kondo. Kilikuwa na sauti mbili, moja ya kuvuta na nyingine nyembamba ya kutoa, inayopiga mluzi mwishoni. Halafu sauti ya mama yake, ya chini kabisa, ambayo kwenye nyumba ile haikusaidia kitu.

"Mwambie bosi wako una pumu, mwanangu."

"Mama, nikimwambia ananiweka getini. Kule kwenye mashine ya unga si ndo walinifanyaga hivyohivyo? Nilikuwa fundi, nikaishia kufungulia malori."

"Geti halijaua mtu."

"Mie lingeniua. We nipe chai."

Baada ya muda anatokea uani, amevuta dawa yake, amevaa ovaroli, macho yana wekundu kidogo. Anaona kwamba nimesikia. "Mnyamwezi, umeamkaje? Usiku kucha umekoroma kama lori la mkaa, mama kashindwa kulala." Nami namjibu kwamba nilikuwa naota nabeba Wazaramo kilima cha Pugu, na mmoja wao alikataa katakata kutembea. Bi Mwanaidi anacheka, Zuhura mdogo anacheka, chai inamiminwa. Ukitaka kumuuliza Kondo anakohoa nini, jibu lake lilikuwa moja, nalo alilitoa mwenyewe kabla hujauliza: "Vumbi." Sisi wa nyumba ile tulijua, na kila asubuhi tulikunywa chai juu ya kile tulichokijua.

Kazi ya korosho ilikuja wakati wa joto, msimu ulipoanza. Kulikuwa na kiwanda cha kubangua upande wa Mbagala, wanawake wengi wa kusini wameketi mistari kwa mistari, mikono imepakwa majivu na mafuta ya nyonyo isiunguzwe. Ganda la korosho lina mafuta makali. Likichomwa, moshi wake unachoma macho, koo na ngozi, na ukipoa unageuka kitu cheusi kinachonata kama lami. Feni yao ilikuwa nzuri sana kuitazama, mapanga yake yamepinda kwa nyuma kwa madaha, inakula umeme kidogo. Lakini katika ule mpindo lami ilipata kitanda. Ilijaa zaidi panga hili kuliko lile, gurudumu likapoteza uwiano, likaanza kutetemeka, beringi zikafa. Na kwa kuwa mota na beringi vilikuwa ndani ya njia ya moshi, juu kabisa, kila zikifa mtu alipaswa kuingia kwenye bomba. Majiko yakizimwa yanachukua siku nzima kuwaka upya, na meneja wao hakutaka kusikia habari hiyo. Kwa hiyo mtu aliingia wakati moshi upo. Mtu huyo alikuwa Kondo, maana alikuwa mwembamba na hakuwahi kukataa.

Mara ya kwanza kumwona akishuka kutoka kule juu, alikaa kwenye ngazi akashika magoti. Mwanamke mmoja mbanguaji, mtu wa Newala, alimletea maji kwenye kopo. "Kaka, pole. Hiyo feni yenu itatupa hewa lini? Sisi tunakaa humu kutwa." Kondo akanywa, akapumua ule mluzi wake, akasema, "Muulize yule mpagazi pale, ndiye anayechora. Anachora polepole, kazoea kutembea." Yule mama akanigeukia akicheka. Mimi nilikuwa naangalia vidole vya Kondo, namna alivyoshika kopo kwa mikono miwili, na nilifanya hesabu ambayo mtu yeyote wa fani yangu angeifanya: kile ambacho feni ile ilikivuta, na kile ambacho kifua kile kilikivuta, kilikuwa kitu kimoja. Tangu siku ile sikuwa nachora feni ya kiwanda. Nilikuwa nachora feni ambayo Kondo hataipandia.

Nilijaribu pia njia fupi. Tulikuwa tunakula mchana karakanani, wali maharage wa mama ntilie, sahani kwenye magoti, Injinia naye amekaa na sisi juu ya ndoo kama kawaida yake. Wakawa wanapanga nani aende Mbagala kesho yake kubadilisha beringi tena. Nikasema, wazi, mbele ya wote, "Asiende Kondo. Kondo ana pumu."

Kondo akamaliza kutafuna. Akasema, "Na yeye ana mimba ya pacha. Wote wa kwangu."

Jamani, walicheka. Mmoja alimwaga maharage. Injinia mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani, akasema, "Nyie watani nyie, mtatuua." Nikasema sitanii. Wakazidi kucheka, maana mtani akisema hatanii ndipo utani unapokolea. Kondo aliniangalia juu ya sahani yake, na katika macho yake hakukuwa na mzaha hata chembe. Yalikuwa yananiomba ninyamaze.

Sikunyamaza. Jioni nikamfuata Injinia kwenye kile kichumba chake cha mbao, nikafunga mlango. Nikamweleza kila kitu, chumba kisicho na dari, mluzi, mama yake. Alinisikiliza huku anapanga michoro. Alikuwa Mngoni, na Wangoni nao wana watani wao, alizijua sheria zote za mchezo huu, na hilo ndilo lililotuponza. "Kalunde," akaniambia kwa upole, "mie mwenyewe mtani wangu mmoja alishawahi kwenda kwa mkuu wangu wa kazi akasema nina kifafa. Tulicheka mwaka mzima. Lakini utani una mpaka wake. Huyu kijana anategemea kazi hii, usimchezee kwenye riziki." Nikatoka. Ningekuwa Mhaya, ningekuwa Mchaga, ningekuwa Mpemba aliyeshuka jana kwenye meli, angenisikia. Nilikuwa mtu pekee pale aliyeijua kweli na akataka kuisema, na nilikuwa mtu pekee ambaye kweli yake haikuwa na thamani. Nimezeeka na jambo hilo. Hata sasa nikisikia watu kwenye redio wanausifu utani wa makabila kwamba ndio uliotuunganisha, na ni kweli umetuunganisha, naondoka naenda kuzima jiko ambalo halijawashwa.

Nyumbani Kondo alinisubiri uani, amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, anamkunia mama yake. Nilidhani atanigombeza. Hakuwa na ruhusa hiyo, na mimi sikuwa na ruhusa ya kumgombeza yeye. "Kondo, leo si utani," nikamwambia. Akasema, "Najua. Ndo maana nimekuogopa." Akaendelea kukuna kidogo. "We nichoree hiyo feni, Mnyamwezi. Ikiisha sipandi tena. Wallahi sipandi. Nitakaa chini nakusifia." Hicho ndicho kipande pekee cha mazungumzo ya kweli tulichowahi kuwa nacho, na hata hicho alikimalizia kwa kunirushia kifuu.

Basi nikachora. Mtu akiniuliza leo ni kipindi gani cha maisha yangu nilifanya kazi kwa moyo wangu wote, ni kile. Tatizo la kwanza lilikuwa umbo la panga, lipi halishiki lami. Hatukuwa na maabara. Tulichokuwa nacho ni sukari guru. Bi Mwanaidi aliiyeyusha kwenye sufuria kubwa mpaka ikawa nzito na nyeusi, tukaibeba mpaka Keko ikiwa imefungwa kwa kanga, tukafunga gurudumu dogo la majaribio kwenye mota, tukalizungusha, Kondo akawa anamwagia kwa upawa. Tulijaribu mapanga yaliyopinda nyuma, yakajaa. Yaliyopinda mbele yakajaa vibaya zaidi. Kisha tukafunga yale ya bapa, yaliyonyooka kutoka katikati kama mapanga ya kukatia miwa, mabaya kuyatazama, yanayokula umeme. Yalipozunguka sukari ilikimbilia ncha ikaruka yote, na sehemu kubwa ya iliyoruka ilitua kwa Injinia aliyekuwa amesimama na suti yake ya kwenda benki. Tulisubiri kufukuzwa kazi. Injinia akalamba kidole, akasema, "Hili ndilo." Nyuki walitutembelea karakanani wiki nzima. Kondo alikuwa akiwaamkia, "Shikamooni wateja."

Mengine yalifuata moja baada ya jingine. Mota tuliitoa nje ya moshi kabisa, ikavuta kwa mkanda. Beringi zote mbili tuliziweka upande mmoja, nje, mahali mtu anaweza kuzigusa kwa mkono akiwa na kikombe cha chai mkono mwingine. Gamba la feni tulilitengeneza kwa bati nene la chuma kisichoshika kutu, chini tukatoboa tundu la kutiririshia mafuta. Na feni nzima niliishusha kutoka juu nikaiweka sakafuni, bomba ndilo lipande, feni ibaki chini, na ubavuni nikaweka mlango wa kusafishia, wenye komeo, usawa wa kifua cha mtu aliyesimama. Injinia alisema mlango ule utavujisha na utaongeza kazi. Nilisema mlango utakaa. Sikumweleza sababu, maana nilishamweleza mara mbili. Nimechora feni nyingi tangu mwaka ule, za chumvi, za saruji, za unga, za machinjio, na wateja kadhaa wamelalamika kuhusu mlango. Kila feni yangu ina mlango chini. Anayeutaka juu akatafute mchoraji mwingine.

Siku ya kuifunga, kiwanda kilikubali kuzima majiko tangu jana yake. Nilifurahi kijinga. Hakuna moshi, nikajiambia, na hii ndiyo mara ya mwisho. Nilichosahau, na tulichosahau wote tuliokuwa pale na vyeti vyetu na uzoefu wetu, ni kwamba feni ya zamani bado ilikuwa kule juu, imeshikwa na nati zilizoliwa na kutu, na nati zilizoliwa hazifunguki kwa spana. Zinakatwa kwa moto wa gesi. Injinia alimwonyesha fundi mwingine apande. Kondo alikwishakamata ngazi. "Huyo feni nimelala naye msimu mzima," akasema, "niacheni nimpe talaka mwenyewe." Wanawake wa kubangua, waliokuja siku ile kwa ajili tu ya kuona, wakashangilia. Akaingia, miguu yake ikapotea, tukaona mwanga wa bluu. Kisha lami iliyokuwa imeganda kwenye yale mapanga mazuri yaliyopinda ikapata moto, ikaanza kufuka.

Nilipiga kelele. Nilikuwa chini ya bomba, nimeweka mikono mdomoni, napiga kelele kwa nguvu zangu zote, "Kondo shuka! Una pumu wewe! Shuka!" Na kiwanda kizima kikacheka. Mafundi wenzetu walicheka kwa sababu waliujua mchezo, wanawake walicheka kwa sababu mafundi walicheka. Kutoka ndani ya bomba sauti yake ikajibu, imekauka, "Mwambieni huyo, pacha zake nitawalea!" Akakata nati ya mwisho. Feni ya zamani ikashuka kwa minyororo, naye akashuka nyuma yake, mweusi usoni, akajifuta mdomo kwa kiganja. "Vumbi," akasema.

Saa za alasiri tuliwasha feni mpya. Ilinguruma, haikutetemeka. Wakachoma magunia machache ya maganda kuijaribu, na moshi ambao kwa miaka ulikuwa unazagaa chini ya bati ukainama, ukaingia kwenye bomba ukapotea. Yule mama wa Newala akavuta pumzi ndefu, akafunga macho. Wengine wakapiga vigelegele. Nilimtafuta Kondo. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye gamba la feni, pale kwenye mlango wangu, ananyoosha kidole gumba. Nyumbani alikula kidogo sana, akasema amechoka, akamwambia mama yake kwamba kazi ya kupanda imeisha. Bi Mwanaidi alisujudu palepale jikoni.

Alfajiri adhana ilipoisha nilikuwa macho. Nilisikia sauti ya kuvuta. Nikaisubiri ya kutoa. Ilichelewa. Halafu nikamsikia Bi Mwanaidi akiita jina la mwanawe, mara ya kwanza kama anavyoita mtu aamke, mara ya pili si hivyo. Jirani alileta pikapu yake. Nilikaa nyuma nimempakata kichwa, ile dawa yake ya kuvuta mkononi mwangu, imekwisha, bado namkandamizia mdomoni. Hakusema lolote la kuchekesha. Tulipofika hospitali muuguzi aliangalia, akafunga pazia, na jua lilikuwa ndio linatoka.

Waislamu hawachelewi kuzika. Kufikia saa tano turubai limeshafungwa, wanaume nje, wanawake ndani, Kondo ameshaoshwa. Mimi nilikuwa kwenye chumba changu nalia kama mtu mwingine yeyote. Bi Mwanaidi akaingia akiwa ameshikiliwa na dada zake wawili. Sauti ilikuwa imemkauka. "Mtani wangu, mbona unalia?" akaniuliza. "Wanaolia nimeshawapata, wametosha. Mie nakutegemea wewe." Akanitupia ovaroli ya Kondo, ileile ya jana, yenye masizi. "Nenda kavae. Mwanangu hawezi kutoka nyumba hii kama hana mtani."

Niliivaa. Ilininukia yeye. Nikanyanyua bega moja, nikachukua spana, nikatoka nje mpaka kwa wanaume, kwa mwendo wake. Niligonga meza ya sheikh kwa spana kama Kondo alivyozoea kugonga kila kitu kabla ya kusema. Niliwaamkia wasichana wa mtaa mmoja mmoja kwa majina aliyowapa. Nikauliza nani kaniletea watu wote hawa, na kwa nini hawajaja na mzigo. Kicheko kilianza kidogo, kikakua, watu wakashikana mabega wakilia na kucheka, na kupitia dirishani nilimsikia Bi Mwanaidi akicheka pia, na nikamshukuru Mungu. Kwa hiyo nikaendelea. Nilipanda kiti kana kwamba naingia kwenye bomba. Nikashuka. Nikakaa, nikashika magoti, nikapumua kama yeye, sauti mbili, ile ya kuvuta na ile nyembamba yenye mluzi mwishoni. Nilikuwa nimeisikia kila asubuhi kwa mwaka, niliijua kuliko wimbo. Nikajifuta mdomo kwa kiganja.

Mafundi wa karakana walicheka kwa sababu walimtambua. Injinia Mapunda, aliyekuwa amekaa nao kwenye mkeka wa mbele, hakucheka. Nilimwona akiinua uso polepole. Sauti ile alikuwa ameisikia mwaka mzima, karakanani, garini, kwenye simu za kikazi, na hakuwahi kuisikia ikiwa peke yake.

Alinifuata nyuma ya nyumba, penye pipa la maji, nilipokwenda kunawa uso. Alivua kofia. Alikuwa mtu mzima, mkubwa kwangu kwa mbali, na alisimama mbele yangu kama mtu anayesubiri kuitwa ndani.

"Kalunde. Siku ile ofisini. Ulikuwa unasema kweli?"

Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo tangu alfajiri, makali, yamepangwa. Lakini jeneza lilikuwa bado halijatoka, nilikuwa nimevaa nguo za Kondo, na kule ndani mama yake alikuwa bado anacheka.

"Nilikuwa nakutania, Injinia," nikamwambia.

Alinitazama usoni, akatafuta kicheko, akakitafuta kwa muda mrefu. Kisha akavaa kofia yake, akaenda kusaidia kubeba.